GoT-HoMIS mezani kwa katibu wa afya: mfumo mzuri, usimamizi ndio mtihani

Kazi ya katibu wa afya hospitali ya wilaya ilizoeleka: majalada ya watumishi, likizo, ulinzi, usafi, magari na mafuta. GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha shughuli za hospitali unaosimamiwa na TAMISEMI, umemwongezea nyingine nzito: kujua kila asubuhi jana kimeingia nini na kimevujia wapi.

Upande wa bili unastahili sifa. Daktari akiandika kipimo, gharama inatokea dirisha la malipo na mgonjwa analipa kwa kumbukumbu namba. Fedha haipiti tena mkononi mwa mtu, na katibu analinganisha ripoti ya siku na taarifa ya benki bila kusubiri mwisho wa mwezi.

Dawa ndiko kwenye maumivu. Kopo la vidonge 1,000 likiingizwa stoo kama "1" badala ya vidonge 1,000, mgonjwa wa kwanza tu akihudumiwa mfumo unasema dawa imeisha, wakati kopo liko rafuni limejaa. Mfamasia hawezi kumnyima mgonjwa, kwa hiyo anatoa nje ya mfumo. Baada ya wiki chache hesabu hazisomani na kila mtu anaonekana mwizi. Suluhisho ni hili: kipimo cha kutolea (kidonge, si kopo) kihakikiwe siku mzigo wa MSD, yaani Bohari ya Dawa, unapopokelewa, na dawa 10 zinazotoka sana zihesabiwe kwa mkono kila Ijumaa.

Msamaha wa malipo nao huharibikia mapokezi. Mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 5 akisajiliwa kama mlipaji wa taslimu, bili yake inabaki deni, na ripoti inaonyesha mapato ambayo hayatakuja kamwe. Kwa bima, madai hukatwa kwa vitu vidogo: namba ya uthibitisho haipo, saini imesahaulika, dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa. Mtu wa kuyapitia kabla hayajatumwa ni wa lazima.

Pale ambapo seva inakaa hospitalini, bila UPS (kifaa cha umeme wa akiba) yenye betri nzima umeme ukikatika kila dirisha linasimama. Nakala ya data iwekwe jengo jingine.

Tunaupendekeza, kwa sharti moja: afisa TEHAMA awepo kwenye zamu ya usiku pia, kwa sababu mgonjwa wa dharura anayeingia saa nane usiku bila kusajiliwa huwa haonekani tena kwenye hesabu yoyote.