Himalayan 411 kwa safari za mbali: uzoefu wangu wa barabara ya Dar–Mbeya

Mtu akitaka pikipiki ya safari, swali la kwanza huwa ni CC ngapi, yaani ukubwa wa injini. Mimi ningeanza na tangi, siti na uzito. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kabla hujalilia nguvu ya injini, mgongo na mikono vitakuwa vimeshachoka.

Nilichagua Royal Enfield Himalayan, ile ya CC 411 iliyotoka mwaka 2016. Silinda moja, inapozwa kwa hewa na oili, nguvu ya farasi 24. Niliitazama pia Honda CRF250L: nyepesi, tamu kwenye vumbi, ila tangi lake halifiki lita 8 na siti yake iko juu, sentimita 87 na nusu. Kwa kazi ya porini ningeichukua hiyo. BMW R 1250 GS ni mashine ya ajabu, lakini ina kilo 249, na ikilala kwenye tope huko Kitulo ukiwa peke yako, nani atakusaidia kuinyanyua? Himalayan yenyewe si nyepesi, kilo 199, ila siti yake iko sentimita 80 tu. Miguu yote miwili inafika chini, na hilo utalithamini siku utakaposimamishwa kwenye mteremko na mizigo imejaa nyuma.

Tangi ni lita 15. Mwendo wa 80 hadi 90 unanipa kilomita 30 hivi kwa lita, kwa hiyo nikijaza Morogoro nafika Iringa bila kuwaza sheli.

Kwenye mlima wa Kitonga ndipo nilipoipenda kabisa. Malori yanapanda kwa kutambaa, moshi mzito, kushoto jabali, kulia korongo, na huwezi kupita mpaka kona ifunguke. Niliiacha gia ya pili, injini ikavuta polepole nyuma ya lori bila kukwama, klachi sikuigusa. Nguvu yake ya kuvuta inakuja mapema, na mlimani hiyo ndiyo unayoitaka. Kuovateki semi kwenye tambarare ni habari nyingine: shusha gia, subiri nafasi ndefu, usilazimishe. Na mbuga ya Mikumi ipite mchana, wanyama wanavuka.

Matengenezo hayanipi presha. Vali zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi mzuri wa bodaboda anaijua. Rimu ni za spoku na tairi zina tyubu, hivyo pancha inazibwa kijiji chochote. Ila tairi la mbele ni inchi 21, na tyubu yake haipo kila duka, kwa hiyo beba ya akiba pamoja na waya wa klachi. Mabegi nayo yachunguze sana mishono: yale ya kwanza niliyouziwa kama hayapitishi maji yalilowa Mafinga, nguo zote chapachapa.

Anayesafiri na mwenzake nyuma kila mara, au anayetaka mwendo wa juu zaidi ya huo wangu wa 80 hadi 90, aitazame Himalayan 450 iliyoanza mwaka 2023: farasi 40, gia sita, injini ya kupozwa kwa maji, tangi la lita 17. Aende dukani na huyo mwenzake, wakae wote wawili juu yake kabla ya kulipa.