Uganda kwa basi, mume na mke, begi mgongoni: uzoefu wetu

Mabasi ya Uganda nayapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibana ni kwa sababu ya stendi za Kampala. Barabara zenyewe na watu tuliokaa nao sina la kuwalaumu. Naandika kwa ajili ya mtu na mwenzake wanaotaka kuizunguka nchi ile kwa usafiri wa kawaida, kila mmoja na begi lake mgongoni na bajeti ya kubana. Kabla ya kwenda nilitafuta sana maelezo kwa Kiswahili, nikakuta karibu yote ni ya watu waliokodi gari na dereva.

Mimi na mume wangu tunaishi Mwanza. Tulipitia Bukoba, tukavuka Mutukula, tukafika Kampala, tukapanda kaskazini hadi Arua, tukarudi, kisha tukaelekea magharibi kwa Fort Portal, Kasese, Mbarara na Kabale. Ilikuwa Januari, kiangazi, na joto ndilo lililotupangia ratiba.

Mpakani hapakuwa na shida. Mutukula ni kituo cha pamoja, kwa hiyo muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa ndani ya jengo moja, na raia wa Afrika Mashariki halipi visa. Tulikuwa na pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano, na kadi ziliangaliwa kweli.

Sasa kiti. Hili ndilo ningependa kila mtu alijue kabla hajakata tiketi. Mabasi mengi ya masafa marefu yana viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili. Mkikaa upande wa watatu, mtu wa tatu atakuja tu, na mara nyingi atakuja na mtoto mapajani na mfuko wa mazao miguuni. Ana haki yake, tiketi amekata kama nyinyi. Lakini safari ya kutwa kwenye joto, mabega matatu yamebanana, jasho linachuruzika, mtafika mkiwa mmenuniana bila hata kugombana. Tangu Masaka tulikuwa tunaomba upande wa viti viwili, safu za katikati, mbali na tairi la nyuma. Kiti cha mwisho kabisa kinarusha kila penye tuta, na matuta ya Uganda ni mengi.

Baada ya kiti, jua. Uganda imekatwa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima asubuhi jua linatoka upande wa mashariki na jioni linazama upande wa magharibi, halipindi sana la kukuchanganya. Ukitoka Kampala alfajiri kwenda kaskazini, jua litakuwa kulia kwako hadi karibu na adhuhuri, basi kaa kushoto. Ukichelewa ukaondoka mchana, mambo yanageuka. Mume wangu alikuwa anasimama pale mbele ya ofisi ya tiketi ananyoosha mkono kuonyesha basi litaelekea wapi, kisha ndiyo anachagua namba za viti. Wakata tiketi walimshangaa kidogo lakini walimpa alichoomba. Kama dirisha halina pazia, kanga inatosha: pindo moja lifungwe kwenye nguzo ya juu, jingine libanwe kwenye kioo, acha upenyo chini hewa ipite.

Kutoka Masaka kwenda Kampala njia ni ya kupendeza na inakwenda haraka, mpaka Lukaya. Pale basi halijasimama vizuri, vijana na kina mama wameshalizunguka, wamevaa aproni, wameinua mikono hadi madirishani: kuku wa kuchoma kwenye vijiti, nyama ya mbuzi, gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma, za moto zilizobabuka kidogo pembeni, maji ya baridi. Mambo yote yanaisha ndani ya dakika chache, hela inapita dirishani huku chakula kinaingia. Hapa kuwa wawili kunasaidia mno. Mimi nilishika noti ndogo ndogo tayari mkononi, mume wangu akawa anachagua. Nyama chagua iliyo na mvuke, na chenji idai kabla kijiti hakijaingia ndani. Gonja ndiyo nitakayoikumbuka, tamu, laini, inashibisha, na haileti kiu kama nyama yenye chumvi. Baada ya Lukaya mnapita kinamasi cha Lwera, na samaki wamening'inizwa kando ya barabara wanauzwa, halafu mnafika Kayabwe, penye alama za ikweta. Basi halisimami, kwa hiyo kaa macho.

Kampala sasa. Jiji lenyewe tulilipenda. Tulipanda mnara wa Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, vilima vyote unaviona, na chini unaona takisi zimejaa kwenye paki kama mchele kwenye sinia. Takisi ndiyo daladala yao, nyeupe zenye mstari wa viboksi vya buluu, abiria kumi na wanne. Lakini stendi za mabasi za katikati ya jiji, kuanzia Namirembe Road hadi Kisenyi, zinachosha kuliko safari yenyewe. Wapiga debe wanakufuata ukiwa bado juu ya bodaboda. Mmoja alikamata mkanda wa begi langu, "Mama, Arua? Arua hii, linaondoka sasa hivi!" Mume wangu akamwambia kwa upole, "Kijana, acha begi, tutakufuata," akaliacha. Upole ule ulitufaa kila mahali. Ukipandisha sauti wanakuja wengine watano.

Basi tulilopelekwa lilikuwa linanguruma, dereva amekaa kwenye usukani, honi inapigwa, linasogea mbele hatua moja kisha linarudi nyuma. Viti vingi vilikuwa na watu. Tukalipa. Baada ya muda nikaona kila abiria mpya akiingia, mmoja wa waliokaa anateremka. Walikuwa wamewekwa pale kulijaza basi machoni. Tuliambiwa tunaondoka saa moja asubuhi, na jua lilikuwa limeshapanda juu kabisa tukiwa bado tumeketi ndani ya bati lile, hewa haitembei, watoto wanalia. Tulipoomba turudishiwe nauli, konda alitujibu kwamba tiketi ikishakatwa imekatwa. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa sababu wale kina mama wenye watoto wachanga walikuwa na haki ya kuambiwa ukweli wakasubiri kivulini.

Dawa yake tuliipata baadaye: zipo kampuni zinazoondoka kwa saa, ziwe zimejaa au hazijajaa, na tiketi zao unakata ofisini siku moja kabla, ukiandikiwa namba ya kiti. Waulize wenyeji wa gesti, si mtu wa stendi. Na basi la kwanza la asubuhi ndilo basi. Saa kumi na mbili mko barabarani, baridi bado ipo, na mnafika mchana mkitafuta chumba kwa macho yenu.

Usiku sikushauri. Mabasi ya Arua mengi yanasafiri usiku, na ni kweli mnakwepa joto, lakini barabara ya Kampala kwenda Gulu, wanayoifuata hadi Karuma, ina historia ya ajali mbaya, hasa maeneo ya Kiryandongo. Tulichagua jasho.

Njia ya Arua ni ndefu, na hadi Karuma haina mengi ya kusimulia. Karuma basi linateremka kuelekea mto Nile, maji yanachemka meupe juu ya mawe, nyani wamejipanga kando ya lami wanangoja maganda ya ndizi. Usiwatupie kitu, na simu iweke mfukoni kwa sababu daraja linalindwa na wanajeshi na kupiga picha hairuhusiwi. Ukishavuka daraja, barabara ya Arua inakata kushoto kuelekea magharibi, na hapo joto linabadilika. Unazidi kushuka kuelekea bonde la Nile, upepo wa dirishani unakuwa wa moto, na hadi Pakwach kila mtu ndani ya basi amenyamaza. Maji tulikunywa funda moja moja kila baada ya muda, kwa sababu vituo vya kuchimba dawa ni vichache, na kwa mwanamke hilo si jambo dogo. Kina dada, vaeni sketi pana au bebeni kanga ya pili, na mkifika kituo cha mafuta chenye choo shukeni hata kama hamjabanwa. Muwe na sarafu.

Jirani yetu upande wa pili wa njia alikuwa bibi wa Kinubi anayerudi kwao. Alisikia tunaongea, akageuka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kuanzia hapo safari ilikuwa yetu sote. Alitushikia mfuko, akatuonyesha tembo waliokuwa mbali kabla ya Pakwach, akamkanya konda aliyetaka kumweka mtu kwenye ngazi karibu na miguu yetu: "Hawa wageni wangu." Huko West Nile, yaani upande wa Arua, Kiswahili kinatiririka, sokoni na stendi. Kampala ni tofauti. Serikali yao ilikubali mwaka 2022 kukifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini mtaani ni Kiganda, na salamu ya "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi) kabla ya kuuliza bei inakufungulia mlango. Mbarara ndiko mume wangu alikojiona yuko kwao. Yeye ni Mhaya, na Kinyankole kinakaribiana sana na Kihaya, hata bei ya chumba ilishuka.

Gesti nyingi tulizolala zinatoza kwa chumba, si kwa kichwa, na hapo ndipo wawili wanapofaidi kuliko msafiri wa peke yake. Kabla ya kulipa, mmoja abaki na mabegi mapokezi, mwingine aende akaangalie chandarua kama kina matundu, bomba kama linatoa maji, na dirisha kama linafunguka. Uganda ni kati ya nchi zenye malaria nyingi zaidi duniani, basi chandarua hakina mjadala. Sisi tulibeba chetu chepesi na sindano na uzi.

Chakula ni rahisi na kizuri. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, inapikwa mbele yako kila kona. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa kwenye maharage, ni cha siku ambayo hela imepungua. Asubuhi kabla ya safari ndefu tulikula katogo, yaani ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na utumbo au maharage, na inakushikilia hadi alasiri. Kitu kimoja tu: ndani ya basi usipokee biskuti wala soda kutoka kwa usiyemjua, hata akiwa mkarimu vipi. Abiria kuleweshwa na kuibiwa ni habari ya kweli katika mabasi ya kwetu na ya kwao.

Kuna jambo la sisi wenyewe, nalisema kwa sababu sikuliona likiandikwa popote. Joto linavuruga watu wanaopendana. Tulikubaliana mapema kwamba stendini hatuamui kitu kipya: mpango ni ule tulioupanga jana usiku tukiwa tumeoga na tumekula. Mmoja ndiye anayeongea bei, mwingine ndiye mlinzi wa mabegi, na kesho yake tunabadilishana. Aliyechoka zaidi anapewa dirisha, bila kuhojiwa. Mambo hayo madogo yalitufanya turudi nyumbani bado tuna hamu ya kusafiri pamoja.

Kabale ni dunia nyingine, baridi, juu karibu mita 2,000, na ziwa Bunyonyi na visiwa vyake lipo hapo jirani. Sweta ni lazima. Tuliokuwa tunajipepea Pakwach tukajikuta tunaomba blanketi la pili.

Kama mna wiki moja tu, acheni kaskazini kwa safari nyingine na mchukue upande wa magharibi, kwa sababu kipande cha Fort Portal hadi Mbarara kina thamani ya nauli yote mliyolipa. Barabara inashuka kutoka Fort Portal kwenda Kasese ikiwa na milima ya Rwenzori mkono wa kulia, na asubuhi mapema mawingu bado hayajaifunika yote. Baada ya Kasese mnavuka tena ikweta, mnaingia ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na hamlipi kiingilio kwa kuwa mko kwenye barabara kuu. Sisi tuliona tembo na swala wengi tukiwa tumekaa kwenye basi la kawaida pamoja na wanafunzi na wauza vitunguu. Daraja la Katunguru linavuka mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, kisha basi linaanza kupanda ukingo wa bonde la ufa pale Kichwamba, linaguna polepole, na bonde zima linabaki chini yenu.

Ondokeni asubuhi na mkae kulia. Mkielekea kusini saa hizo jua liko kushoto, kwa hiyo upande wa milima ndio huohuo wa kivuli. Na ikiwa kwenye basi lenu kulia ndiko kwenye viti vitatu, njia hii pekee ningekaa huko hata tukibanana. Epukeni wiki ya Krismasi, Pasaka na siku shule zinapofungua, nauli zinapanda na hakuna wa kukuchagulia kiti.