Ngalawa, dau, faiba au mtumbwi: chombo gani kitatulia ukiwa unavua?

Anayetafuta chombo chake cha kwanza huulizwa ana shilingi ngapi. Mimi ningemuuliza kwanza atavua wapi na kwa zana gani. Mtu wa mshipi anayeishia ndani ya mwamba, pale Jambiani au Paje, hana haja ya chombo cha mtu wa jarife, wavu mkubwa wa kunasia samaki, anayekesha Mlango wa Mafia. Halafu lipo swali ambalo wauzaji hulikwepa: hicho chombo kinatulia lini? Kikienda au kikisimama? Kikiwa kitupu au kikiwa na mzigo? Hapo ndipo vyombo vyetu vinapoachana, na ndipo nilipovipimia.

Nafasi ya kwanza naipa ngalawa, kwa wavuvi wawili au watatu wenye mishipi, madema (mitego ya kusukwa) au nyavu ndogo. Gogo lake ni jembamba, mara nyingi la mwembe, na peke yake lingepinduka. Linashikwa na mirengu, ile miti miwili inayokatiza juu, pamoja na ndubi pande zote mbili. Wengi hudhani ndubi ni boya. Ya pwani yetu ni ubao uliolazwa mshazari, na kazi yake kubwa huifanya chombo kikiwa mwendoni: maji yanayopita chini yake huunyanyua ule upande unaotaka kuzama. Ukitia nanga, msaada huo unapungua. Kwa hiyo ngalawa iliyokimbia vizuri na tanga inaweza kukuyumbisha ukisimama na kuinamia upande mmoja kupandisha changu. Vuta ukiwa umekaa, na mwenzio aegemee upande wa pili.

Ngalawa pia haihitaji kina kirefu. Bamvua ya Zanzibar, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, hupandisha na kushusha maji kwa karibu mita 4, na maji yakishatoka, ngalawa itapita mahali ambapo dau limekwama.

Unapoikagua, anza na mafungio ya mirengu, kwa kuwa ngalawa nyingi huharibikia hapo kabla gogo halijachoka. Shika ncha ya mrengu uitikise: ikicheza, kamba zimelegea au tundu limeoza. Kisha chukua kisu, uchokoe mbao kwenye omo na tezi, yaani mbele na nyuma, hasa chini kunakokaa unyevu. Mwembe ni rahisi kuchonga lakini huoza mapema kuliko mvule, na rangi mpya hufunika mengi. Njia ninayoiamini zaidi haina gharama: chombo kikiwa kimepandishwa ufukweni, mimina ndoo kadhaa za maji ndani, uzunguke nje kutazama yanatokea wapi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kukujibu.

La pili ni dau, kwa anayekwenda mbali na watu wanne au zaidi. Utulivu wake unatoka kwenye uzito uliolala chini. Dau tupu hulala ovyo upepo ukishika tanga. Likipata farumi, yaani uzito wa kulituliza, ya mawe au viroba vya mchanga, au samaki wa kutosha, linakaa sawasawa. Viroba vifungwe visije vikahama. Uliza kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, ilitiwa lini na sehemu ya chini ilipakwa deheni, mafuta ya kulinda mbao, lini, kwa sababu dau lililotelekezwa hutobolewa na wadudu wa baharini, na tundu la nje huwa dogo kuliko uharibifu wa ndani.

Boti ya faiba naiweka ya tatu, na najua vijana wa mashine hawatanielewa. Haioziki, wadudu hawaili, ufa huzibwa kwa siku moja. Lakini nyingi zina tako pana na bapa, ambalo bandarini hukupa raha, ila mawimbi ya ubavu yakija boti hufuata mwinamo wa wimbi. Halafu hesabu petroli kabla ya kuhesabu samaki. Ukiamua kuinunua, hakikisha ina vyumba vilivyozibwa au vilivyojazwa povu gumu linaloelea. Bila hivyo, ikijaa maji mashine itaivuta chini.

Kayaki ya plastiki ni ya mtu mmoja anayevua kwa burudani penye maji tulivu. Chagua ile ya kukaa juu yake, yenye matundu ya kutolea maji na upana usiopungua sentimita 80. Nyembamba zaidi ina mbio, ila haikuruhusu kugeuka nyuma kutafuta chambo.

Mtumbwi usio na ndubi ni wa mwisho: mikoko, vijito, maji ya goti. Bei yake isikushawishi kutoka nje ya mwamba.

Chombo chochote kijaribu bahari ikiwa na kazi. Kusi ya Juni na Julai itakueleza kwa saa moja mambo ambayo siku za maleleji, upepo ukiwa mdogo, huyaficha. Pakia watu na zana utakazobeba kweli, na wawili wahamie upande mmoja kwa pamoja, ufukwe ukiwa karibu.

Malipo ya mwisho yasubiri karatasi. Tanzania bara chombo cha uvuvi husajiliwa na kukatiwa leseni; Kenya, pitia kwanza BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe wako. Namba iliyo ubavuni ikipishana na ya kwenye hati, kiache hapo hapo kilipo.