Nimeenda stand-up ya vichekesho ya "wasioogopa kitu" Masaki, nyota 3 tu

Tiketi elfu 20, tangazo linasema saa moja, show imeanza saa tatu kasoro. Soda elfu tatu, niliilipa roho inaniuma. Nilienda na shemeji yangu, Mzaramo wa Kisarawe, maana mtaani kila mtu anasema hawa jamaa hawachuji, wanatema chochote.

Wa kwanza kazi yake ilikuwa kumtafuta mtu viti vya mbele na kumuumbua. Kuna dada mnene alikaa na bwana'ke, jamaa akamng'ang'ania, mara kiti kinalia, mara akahamia chumbani kwao huko, dakika kumi nzima. Watu wamecheka na mimi nimecheka sidanganyi, ila kile kicheko cha mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Yule dada na yeye anacheka huku anavutavuta kitenge kufunika magoti.

Wa pili ndo kanifanya niandike. Anasimulia maziko ya baba'ake, wamefika ile sehemu ya kuuliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, mwanamke mmoja huko nyuma kasimama na watoto wawili, "mimi simdai hela, namdai baba wa hawa". Jamaa anasema akawaangalia wale watoto, mmoja ana pua ya mzee kuliko hata yeye aliyezaliwa ndani ya ndoa. Ukumbi kimyaaa, halafu ukalipuka. Shemeji machozi yanamtoka.

Akaniambia huyu ndo ana utani, yule wa kwanza hana. Na kweli bana, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, mtani anakuja msibani anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anadai hela ndo jeneza lipite, hakuna anayenuna, kwa sababu huyohuyo ndo anashika jembe kuchimba kaburi. Sasa yule wa kwanza kamchimbia nani?

Najua kuna watakaosema mbona Marekani mchekeshaji Lenny Bruce alihukumiwa New York 1964 kwa maneno machafu, leo anaitwa shujaa. Sawa, ila Bruce alikuwa anagombana na polisi na mahakama, sio na mteja aliyelipa kiingilio. Na mchekeshaji mwenzake Richard Pryor alijiunguza moto 1980 nusura afe, akaja kuchekesha watu kwa moto huohuo, 1998 akawa wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya uchekeshaji ya Mark Twain. Kaunguza ngozi yake mwenyewe, sio ya jirani. Hao nawapa sifa zao zote.

Nyota mbili na nusu ni za jamaa wa msiba, nusu ya feni zao maana zilifanya kazi, maiki ilikuwa inakoroma tu. Wakati tunatoka nikamuona yule dada barabarani anasubiri bajaji, bwana'ke anamsemesha, hamjibu.