Kuondoshewa piano kuukuu Connecticut: uzoefu wangu, nyota tatu kati ya tano

Nyumba tuliyonunua hapa Connecticut ilikuja na piano ukumbini. Mzee aliyetuuzia alisema anatuachia zawadi, watoto wajifunze. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye alikwenda zake Florida, sisi tukabaki na dude la kilo mia mbili na ushei lililoziba nusu ya dirisha. Vibao kumi na kitu vilikuwa havilii kabisa, na vilivyolia vililia kama paka aliyebanwa na mlango.

Miezi minne nimehangaika kuligawa bure. Nilitangaza mtandaoni na picha nzuri. Walioandika walikuwa wanne, na wote wanne waliuliza kama nitawapelekea mimi. Skuli ya watoto ilikataa. Kanisa la jirani walicheka kwa adabu, maana wao wenyewe wana piano mbili na hawajui pa kuzipeleka. Duka la mtumba la misaada limebandika tangazo mlangoni kabisa: hatupokei piano. Nilishangaa, mpaka nilipojua kwamba mwaka 1909 peke yake viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Zilizosalia ndizo hizi watu wanarithishana kwa nguvu.

Kosa langu ni kuchelewa kumwita fundi wa kutyuni, yule anayekaza nyuzi za piano zitoe sauti sawa. Nilimlipa dola 120 na sizijutii. Alifunua kifuniko cha juu, akasoma namba ya ndani, akaniambia ni ya 1911. Kisha akashika kigingi kimoja cha kukazia uzi, akakizungusha kidogo kwa ufunguo wake, kikaenda bila ubishi kama kijiko kwenye uji. Ubao unaoshika vigingi umepasuka, kwa hiyo nyuzi hazikai zilipokazwa. Mimi nimekulia Unguja, nimewaona watu wa taarabu wakikaa na kanuni, ala ya nyuzi sabini na kitu, wakiikaza taratibu kabla ya shughuli, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa. Piano ina nyuzi kama 230. Gharama ya kuitengeneza ingezidi bei ya piano nzima ya mtumba.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenionyesha jambo lililoninyima usingizi. Ukikitazama kibao cheupe kwa karibu, unaona mstari mwembamba kama unywele, pale sehemu pana ya mbele inapokutana na ile nyembamba ya nyuma. Plastiki haina mstari huo. Hizo ni pembe za ndovu. Na viwanda vikubwa vya kukata vibao vya piano Marekani vilikuwa humu humu Connecticut, Deep River na Ivoryton, vikitumia pembe zilizoteremka kutoka bara mabegani mwa wapagazi na kupakiwa Zanzibar. Yaani nimevuka bahari zote hizi nije nikute mzigo wa kwetu umeshanitangulia ukumbini! Kuviuza sikuthubutu. Tangu 2016 serikali ya Marekani imeibana mno biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, na vitu vya kale vina masharti yake. Nilivibandua kimoja kimoja kwa kisu chembamba, vimo kwenye kopo la maziwa ya unga.

Sasa kampuni yenyewe ya uondoshaji. Kwa simu walitaja dola 250. Siku ya ahadi walifika saa 3 asubuhi kamili, hapo nawapa haki yao. Vijana wawili, mmoja mtu wa Bukavu, Kongo. Alipojaribu kuinua kona moja ya piano akanigeukia: "Papa, hii kitu iko nzito sana!" Hajui kama namwelewa. Nilipomjibu, kazi ikageuka maongezi.

Hawakuibeba nzima. Kwanza walilegeza nyuzi, kigingi baada ya kigingi, kidogo kidogo, kwa sababu zikijumlishwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 15, na uzi ukikatika ghafla unaweza kukupasua uso. Karibu saa nzima nyumba ililia, sauti zinashuka na kuzama kama mtu anayekokota maneno usingizini. Mke wangu alishindwa, akatoka nje. Chini ya vibao tuliokota pini za nywele, penseli, senti zilizoota kutu ya kijani na karata moja ya kopa. Mwisho ikabaki fremu ya chuma, ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Nyota mbili nimezikata kwa haya. Wakati mzigo uko nusu, msimamizi wao alipiga simu kuongeza dola 125, eti nyumba ina ngazi tano za nje. Ngazi hizo niliwatajia tangu mwanzo, na aliyepokea simu alisema hazina neno. Ungefanya nini, na piano imeshafumuliwa vipande ukumbini? Nililipa. Halafu gurudumu la kitoroli lilichimba sakafu ya mbao mfereji wa urefu wa mkono. Vijana sina lawama nao, niliwapa chai yao mkononi.

Ukiwatumia, wapigie picha ngazi na mlango, watumie, na bei waiandike kabla hawajaja. Picha za sakafu nimewapelekea mara mbili, kimya. Kwa sasa nimefunika kwa mkeka.