Nyonga bandia kwa mwenye baridi yabisi: kwa saruji au bila saruji?

Saruji ya mifupa, yaani dutu inayoshikiza nyonga bandia kwenye mfupa, aliyoieneza daktari mpasuaji John Charnley wa Uingereza miaka ya 1960, hushika papo hapo na kwa kawaida gharama yake ni nafuu. Tena huchanganywa na antibiotiki. Si jambo dogo, maana wenye baridi yabisi huandamwa zaidi na maambukizi. Ubaya wake: presha inaweza kushuka ghafla inaposhindiliwa, na kuing'oa baadaye ni kazi pevu.

Bila saruji, mfupa wenyewe huota ndani ya vitundu vya chuma cha nyonga bandia. Ila mfupa uliodhoofishwa na dawa za steroidi unaweza kupasuka chuma kikigongwa kuingia.

Kijana mwenye mfupa imara, bila saruji humfaa. Mzee mwenye mfupa mwembamba? Ningeegemea saruji, walau kwenye shina linaloingia pajani. Kikombe, sehemu inayokaa upande wa fupanyonga, chaweza kukaa bila saruji.