Uzoefu wangu: binti yetu katika shule ya Kijapani, Düsseldorf

Mume wangu ni Mjapani, mimi mtu wa Tanga, na makazi yetu ni Düsseldorf, Ujerumani. Binti yetu yuko darasa la nne katika shule ya Kijapani ya Oberkassel, ng'ambo ya mto Rhine, iliyoanzishwa 1971. Naandika kwa sababu akina mama wenzangu wenye ndoa za mchanganyiko hawaishi kuniuliza kama shule hii inafaa.

Kwa masomo sina neno. Mtaala ni uleule wa Japani, vitabu serikali ya Japani inawapa bure watoto wenye uraia wake, na walimu wengi hutumwa na wizara ya elimu ya huko. Hesabu zao ni moto. Ila kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, jamani! Mtoto akimaliza darasa la sita anatakiwa awe amejifunza 1,026. Zile 80 za darasa la kwanza tulijifunza pamoja mezani. La pili akaniacha, sasa namwachia baba yake.

Kilichonikosha zaidi ni saa ya usafi. Watoto wanavaa viatu vya ndani, wanafagia darasa na kupangusa sakafu kwa vitambaa, wenyewe. Jirani yangu Mjerumani alipigwa na butwaa. Mimi niliyepiga deki na kufyeka nyasi shule ya msingi nikamwambia mbona kawaida tu.

Kabla ya kujaza fomu, pimeni haya. Mwaka wa masomo unaanza Aprili, wakati shule za Kijerumani zinaanza baada ya likizo ya kiangazi, kwa hiyo kumhamisha mtoto katikati kuna usumbufu. Masomo yanaishia darasa la tisa, kama ilivyo kwa karibu shule zote za Kijapani za nje. Baada ya hapo ni kurudi Japani au kutafuta kwingine. Marafiki nao hawakai: kampuni ikimwita baba, familia nzima inafunga mizigo. Na ada? Wafanyakazi wa makampuni makubwa mara nyingi hulipiwa. Sisi tunajilipia, na tunaisikia.

Kama mtarudi Japani baada ya miaka mitatu minne, mpelekeni bila kusita. Sisi tumeshalowea huku, hivyo mdogo wake tumemwandikisha shule ya Kijerumani ya mtaani, na Jumamosi anakwenda darasa la Kijapani. Kanji zake zinasuasua, lakini rafiki zake wote wako mitaa miwili kutoka nyumbani. Kiswahili ni kazi yangu mimi.